Chini ya mnara wa tenki: namna ya kuifanyisha kazi kona yenye kivuli

Mgao wa maji umetufundisha watu wa Dar es Salaam kununua tenki, na tenki limetufundisha kujenga mnara. Nguzo nne za zege, slabu juu yake, tenki juu ya slabu. Chini tumepata chumba kisicho na kuta ambacho hakuna aliyekipanga, na karibu kila uani nilikoingia kinafanya kazi moja: kutupia vitu. Kwangu kulikuwa na mabati mabovu, madebe ya rangi iliyoganda, baiskeli isiyo na gurudumu la mbele na tofali zilizobaki tangu tunajenga. Na wakati huohuo nilikuwa nimetoa hela kununua neti ya kivuli nifunikie kitalu changu upande wa pili wa ua.

Mpangilio wa mwongozo huu ni ule niliopaswa kuufuata, sio nilioufuata. Mimi nilianza kwa kuku. Nitafika huko.

Vipimo vyote ni vya mnara wangu: mita tatu kwa tatu, na kutoka ardhini hadi tumbo la slabu ni mita mbili na nusu. Wako ukiwa tofauti, hesabu ni zilezile, badilisha namba.

Tazama juu kwanza

Lita moja ya maji ni kilo moja. Tenki la lita 5,000 likijaa ni tani tano. Slabu ya mita tatu kwa tatu yenye unene wa sm 15 ni tani tatu na zaidi. Gawa kwa nguzo nne: kila mguu umebeba kama tani mbili, yaani magari madogo mawili yamepandana kichwani pake. Ndiyo maana kabla ya kuweka stuli yako pale chini, zunguka nguzo moja moja mchana kweupe.

Nyufa ndogondogo zilizosambaa kwenye plasta kama ramani hazinitishi. Plasta ilikauka haraka, basi. Unaotisha ni ufa ulionyooka kupanda juu, hasa kwenye kona ya nguzo, wenye michirizi ya rangi ya chai kavu. Huo unafuata nondo. Nondo ikiota kutu inavimba na kusukuma zege nje, na sisi tulio karibu na bahari tuna chumvi hewani inayoharakisha mambo. Tazama pia tumbo la slabu. Pale ambapo zege limebanduka ukaona nondo, hapo hapana mjadala: punguza maji kwenye tenki, kaa mbali, ita mtu anayejua ujenzi.

Kisha gonga. Nyundo ndogo inatosha. Fundi wangu aligonga nguzo ya tatu mara mbili, akanyamaza, akagonga tena juu kidogo.

"Mama, sikiliza hapa." Akaenda nguzo ya pili akagonga: ko, ko. Akarudi ya tatu: ikatoa mlio wa debe tupu.

"Ndiyo nini hiyo, fundi?"

"Plasta imeachana na zege. Inaweza kuwa plasta tu, inaweza kuwa kutu. Tuibandue tujue, kabla hujapanga vitu vyako."

Tukabandua. Ndani zege lilikuwa zima, halina doa. Ilikuwa plasta iliyopigwa juu ya zege lenye vumbi. Kazi ya nusu siku kuirudishia, na usingizi wangu ukarudi nayo.

Ukishajiridhisha, weka masharti manne na usiyavunje. Usichimbe chochote ndani ya mita moja kutoka nguzo, hata shimo la kupanda mti. Usipasue nguzo kwa patasi kupitisha bomba au kufunga shelfu. Tumia shelfu zinazojisimamia. Usininginize kitu kwenye mabomba. Na usirundike udongo ukagusa nguzo, kwa sababu udongo ukimwagiliwa kila siku ni sawa na kuivisha nguzo soksi mbichi.

Maji yanayomwagika yatakuharibia kabla ya jua

Kila mwenye tenki anaijua sauti ile ya usiku: pampu imesahaulika, maji yamezidi, yanamwagika kutoka juu kama bafu la bure. Kwangu bomba la kutolea maji yaliyozidi lilikatwa fupi, likabaki linachungulia pembeni ya slabu. Aliyelifunga aliona inatosha. Kwa miaka miwili maji yalianguka palepale, na nilipoondoa yale mabati mabovu nikakuta yamechimba shimo la kina cha kiganja pembeni kabisa ya mguu wa nguzo. Hilo shimo lilinishtua kuliko ufa wowote.

Dawa yake ni rahisi. Literemshe hilo bomba hadi chini likifuata nguzo kwa nje, kisha lipeleke mbali, walau mita tatu, kwenye migomba au mtaro wa mvua. Bomba hilo lisiwe jembamba kuliko lile linaloingiza maji kwenye tenki. Likiwa jembamba, maji yatapitia mfunikoni. Na mdomo wake uuache mahali unapouona kutoka jikoni, ndiyo kengele yako ya kuzima pampu.

Jaza shimo kwa udongo mwekundu au kifusi kidogokidogo, ukishindilia kila sm 10. Kisha upe uwanja wote wa chini mteremko wa sm mbili kwa kila mita, kuelekea nje. Namna ya kupima: funga kamba kati ya vigingi viwili vilivyo umbali wa mita tatu, inyooshe kwa pima maji, kisha upande wa nje ardhi iwe chini kwa sm sita zaidi.

Slabu inayodondosha matone inarekebishwa kwa juu, sio kwa chini. Kupaka rangi tumboni ni kuficha ugonjwa. Subiri siku ya kuosha tenki, lisogeze likiwa tupu, piga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji, na uipe mteremko maji yasitulie.

Mwenye stendi ya chuma au ya mbao yenye uwazi kati ya mbao na mbao ana kazi ya ziada: afunge bati moja au mawili chini ya zile mbao, yakiwa na mteremko wa sm tano kwa kila mita, na mfereji mwishoni. Bila hivyo, kila jasho la tenki na kila tone la mvua litaishia kwenye vitu vyake. Kwa chuma, angalia mguu pale unapoingia ardhini au kwenye zege. Kutu huanzia hapo.

Kivuli si kimoja

Hapa ndipo nilipojifunza zaidi, na ndipo wengi wanaporuka. Tunasema "pale kuna kivuli" kana kwamba kivuli ni rangi ya ukuta, haiondoki. Inaondoka.

Dar es Salaam iko karibu digrii saba kusini mwa ikweta. Mwezi Juni jua la mchana linakaa kaskazini, na chini ya slabu yenye urefu kama wangu linaingia karibu mita moja na nusu kutokea upande huo. Hiyo ni nusu nzima ya eneo! Desemba linahamia kusini, lakini linaingia kama sm 75 tu. Mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10 liko juu ya utosi, na kivuli cha slabu kinaanguka chini yake sawasawa. Aliyeko Kisumu, karibu kabisa na ikweta, anapata mita moja hivi kila upande, Juni kaskazini na Desemba kusini. Kwa hiyo mtu aliyepanga vitu vyake Desemba akaona upande wa kaskazini umetulia, Juni atakuta vimeungua.

Hayo ni ya mchana. Asubuhi na jioni jua linaingia likiwa limelala, mpaka katikati.

Chukua siku moja ya Jumapili na kipande cha mkaa. Saa 2 asubuhi, saa 4, saa 6, saa 8 na saa 10 jioni, chora mstari ardhini pale kivuli kinapoishia, na andika saa. Ardhi ikiwa ya mchanga tumia vijiti. Jioni utakuwa na ramani yenye sehemu tatu. Ukingo wa mashariki unapata jua la asubuhi, jua laini. Hapo ni mahali pa heshima. Ukingo wa magharibi unapata jua la saa 9, kali, linalokausha udongo wa kwenye kopo kabla hujarudi kazini. Katikati hakuna jua la maana ila mwanga wa kuakisi.

Mwanga wa katikati upime kwa mkono. Weka karatasi nyeupe chini saa 6 mchana, inyooshee kiganja juu yake, kama sm 30. Kivuli cha vidole kikionekana hata kwa ukungu, mimea ya kivuli itaishi hapo. Usipoona kitu, hapo weka shelfu au uyoga, usihangaike na mbegu.

Unaweza kuuongeza huo mwanga kwa kupaka chokaa tumbo la slabu na nguzo. Tofauti ni kubwa, na chokaa ni bei rahisi. Ila kuna tabia ya zamani ya kuongeza chumvi kwenye chokaa ili ishike. Kwenye ukuta wa udongo, sawa. Kwenye zege lenye nondo, usithubutu. Chumvi ndiyo hiyohiyo tuliyoilalamikia hapo juu.

Chagua kazi moja kubwa

Sasa kuku. Nilitengeneza banda la waya kati ya nguzo nne nikaweka kuku wanane. Kwa mawazo yangu, kivuli kipo, maji yapo, nini tena? Wiki ya tatu pampu ikasahaulika, maji yakamwagika, maranda yakalowa na kinyesi kikalowa nayo. Harufu ya namna ile inachoma macho. Kivuli kilekile nilichokipenda kiliyazuia maranda yasikauke. Jirani, mtu mpole, akaniita dirishani: "Mama jirani, hao kuku wako wazima kweli?" Nikawahamisha wiki hiyohiyo. Kuku wanataka pakavu na jua kidogo la kuua wadudu, na chini ya tenki hakuna uhakika wa hata kimoja.

Pia usijenge kuta pande zote ukafanya stoo. Ukishafunga, hutaziona nguzo tena, na fundi bomba akija kufungua valvu atavunja.

Kinachofaa kweli, kwa uzoefu wangu, ni kitalu cha miche, viungo vinavyopenda kivuli, uyoga, na karo la kufulia. Mita tisa za mraba hazitoshi vyote. Mimi nina kitalu kama kazi kubwa na tangawizi kama kazi ndogo. Uyoga nimeulima misimu miwili nikauacha, sio kwa sababu ulinishinda, bali kwa sababu unataka mtu awepo nyumbani mchana.

Sakafu

Udongo mtupu utakuwa tope. Zege ni gharama na linafanya maji yatambae. Nilichagua kokoto, na bado sijajuta: zinapitisha maji, nyoka na nge hawazipendi kama wanavyopenda marundo, na ukibadili mawazo unazizoa.

Ondoa majani na mizizi, shindilia, tandika viroba vya sulfeti vilivyopasuliwa ili magugu yasipande, kisha mwaga kokoto unene wa sm saba. Kwa mita tisa za mraba hiyo ni kama ndoo kubwa 32 za lita 20, au toroli kumi na moja hivi. Anayetaka kufagia aweke pavingi: tofali za sm 20 kwa 10 zinaingia 50 kwa mita ya mraba, yaani 450, na ongeza 25 za kuvunjika. Zilalie juu ya mchanga wa sm tatu hadi tano, na ule mteremko ubaki.

Kitalu

Mche mdogo unataka kile ambacho neti ya kivuli inauza: mwanga usio mkali na udongo usiokauka upesi. Mimi nina meza moja ya paleti juu ya tofali, kimo cha kiunoni, upande wa mashariki. Miguu ya mbao isiguse ardhi, na kila wiki chungulia chini ya meza kama kuna njia za udongo za mchwa.

Mchanganyiko wa viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea miche, ni ule unaojulikana: udongo mzuri wa juu ndoo tatu, samadi iliyooza vizuri ndoo mbili, mchanga ndoo moja. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Ukiishika bado ina joto, subiri. Chekecha, changanya ikiwa na unyevu kidogo, jaza viriba mpaka juu, kisha vigongegonge chini udongo utulie.

Papai ndio mche ninaouotesha zaidi. Mbegu mbili au tatu kwa kila kiriba, kina cha sm moja. Huchukua wiki mbili hadi tatu kuchomoza, usikate tamaa siku ya kumi. Ikifika kimo cha kidole, bakiza mmoja wenye nguvu na mingine ikate kwa mkasi. Ukiing'oa utatikisa mizizi ya unaobaki. Baada ya wiki sita hadi nane mche una kimo cha shubiri, uko tayari kuhama.

Lakini usiutoe kivulini ukaupeleka moja kwa moja juani, majani yataungua kama karatasi. Hapa ndipo ile mistari ya mkaa inapolipa. Tray la miche lisogeze kidogokidogo kuelekea ukingo wa mashariki, kila siku sm 20 au 30, upate nusu saa zaidi ya jua. Siku saba hadi kumi, miche imezoea. Na mwagilia asubuhi. Ukimwagilia jioni chini ya kivuli, majani yanalala yamelowa na miche midogo inaoza shingo, inaanguka kama imekatwa na uzi.

Na nyanya, bamia au hoho je? Zioteshe hapo, zikue kwingine. Hata mchicha ukiuacha kivulini unarefuka, unapauka, unainama. Matembele yanavumilia na majani yake yanakuwa mapana, laini. Nanaa ndiyo inayofurahi kupita yote, ila ipande kwenye kopo lake yenyewe, maana ikipata ardhi haina mpaka.

Tangawizi kwenye viroba

Tangawizi na manjano ni ndugu, na vyote vinavumilia kivuli cha nusu siku. Mwenye kupanda tangawizi milimani Same ana mvua na ubaridi. Sisi wa pwani tuna joto, kwa hiyo kivuli kwetu ni msaada, sio kasoro.

Nunua tangawizi nene yenye macho yaliyovimba, sio iliyosinyaa. Ivunje vipande vyenye macho mawili au matatu, viache juu ya gazeti siku moja au mbili mpaka jeraha likauke. Kiroba cha kilo 50 kikunje mdomo kwa nje mpaka kibaki nusu, toboa matundu chini, jaza udongo wenye mboji nyingi unene wa sm 20. Vipande vitatu kwa kiroba, kina cha sm tano, macho yakitazama juu. Panda masika yanapoanza.

Kosa langu la kwanza lilikuwa maji mengi. Kabla jani halijatoka, tangawizi haina cha kunywea. Udongo uwe na unyevu kama kitambaa kilichokamuliwa, basi. Likitoka jani, ongeza maji. Kila mwezi hivi kunjua kiroba kidogo na ongeza udongo wa sm tano, kwa sababu tangawizi inapanda juu inapojaza. Viroba vikae ukingo wa mashariki au wa kaskazini, juu ya tofali, visigusane na nguzo. Baada ya miezi minane hadi kumi majani yanageuka rangi ya njano na kulala. Unapindua kiroba, unatikisa, hakuna jembe.

Uyoga, kwa mwenye muda wa mchana

Ule wa mamama, mweupe kama masikio yaliyopangwa, ndio rahisi. Lima miezi ya baridi yetu, Juni hadi Agosti. Februari ya Dar ni joto mno kwake.

Katakata mabua makavu ya mpunga urefu wa sm tatu hadi tano, loweka usiku kucha. Asubuhi yachemshe kwenye pipa kwa saa moja hadi mbili. Huko ni kuua vimelea vingine, na ndiyo hatua ambayo watu wanaifupisha halafu wanalaumu mbegu. Yatandaze yapoe na kuchuja. Kamua konzi moja: yakitoka matone mawili, yako sawa, yakitiririka, subiri. Osha mikono, kisha jaza mfuko wa plastiki kwa tabaka, mabua kiganja kimoja cha unene, mbegu kidogo, mabua tena. Kwa kilo kumi za mabua yaliyolowa, mbegu nusu kilo inatosha. Mbegu inunuliwe kwa mzalishaji; uyoga wa sokoni hauna mbegu ya kupandwa nyumbani.

Mifuko ikae gizani, katikati kabisa, imefunikwa kwa pazia zito, wiki mbili hadi nne. Itakuwa myeupe kama imepakwa maziwa. Ukiona kijani au cheusi, toa mfuko huo nje ya ua siku hiyohiyo. Mweupe mzima uchane mistari minne kwa wembe, fungua pazia hewa ipite, na nyunyiza maji hewani na sakafuni mara tatu kwa siku, sio kwenye uyoga wenyewe. Hiyo ya saa nane mchana ndiyo iliyonishinda. Uyoga ukichungulia, haichukui siku nyingi: uvune kabla kingo hazijageuka juu. Mfuko hutoa mara mbili au tatu, kisha mabua yake yanaingia kwenye mboji.

Karo la kufulia

Fundi bomba akate bomba linaloshuka, aweke mgawanyiko na koki ya kufungia, kisha bomba la mbele. Kingo za karo ziwe kimo cha sm 80 hadi 85, mgongo utashukuru. Maji ya sabuni yasiishie kwenye kokoto. Yapitie bomba hadi kwenye migomba, mbali na nguzo na mbali na kitalu. Nguo zianikwe kwingine, hapo hazikauki.

Mbu na umeme

Mbu anayeambukiza homa ya dengue anapenda maji safi yaliyotulia kivulini, na Dar imeonja dengue mwaka 2014 na 2019. Visahani vya chini ya makopo, mdomo wa bomba, kopo lililosahaulika: vyote vimwage na uvisugue kila wiki bila kukosa, kwa sababu yai huwa mbu kwa siku saba hadi kumi. Pipa la maji liwe na mfuniko unaobana. Mimi visahani niliviondoa kabisa, kokoto zinatosha.

Pampu ikiwa chini ya mnara, inyanyue walau sm 30 kutoka sakafuni na uijengee kibanda cha bati. Waya wa taa usipite penye kudondoka maji, na swichi ikae kwenye ukuta wa nyumba, sio kwenye nguzo.

Mwisho, siku ya kuosha tenki. Tope lote la chini linateremka kwa valvu ya kutolea uchafu, rangi ya kahawa, ndoo kwa ndoo. Mara ya kwanza nilisahau, miche ya papai mia moja na ushei ikaogeshwa. Sasa jioni ya kuamkia siku hiyo nahamisha meza na viroba hadi ukutani, na bomba la nyoka nalifunga kwenye ile valvu kabla mtu hajapanda juu.